Karatasi ya Juu

Siku Mzee Pasi alipowaita mkewe na wanawe mezani ili awaonyeshe faili, alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa likanyooka. Hakuwa na safari. Alikuwa mtu aliyefua na kunyoosha mashuka ya hospitali tangu ujana wake, na aliona aibu kusema jambo la maana akiwa amevaa shati lenye makunyanzi. Jina la Pasi walimpa wenzake wa chumba cha kufulia, likamfuata mpaka mtaani, na mwenye duka la pembeni alimwita hivyohivyo alipomkumbusha deni la sukari.

Faili lenyewe lilikuwa jekundu, gumu, la kufunga kwa mpira. Alilinunua baada ya semina. Hospitali iliwaletea wafanyakazi wanaokaribia kustaafu mama mmoja wa miwani, mwenye sauti ya kubembeleza, naye akawaambia kwamba mtu anayeacha karatasi zake ovyo anawaachia wanawe ugomvi. "Msiwafiche kitu," alisema. "Pangeni kila karatasi mahali pake. Na ile yenye faida kubwa kwa familia iwekeni juu kabisa, wakifungua tu waione." Wenzake walisinzia, wakaamshwa na soda. Yeye aliandika kila neno. Mpaka siku hiyo karatasi zake zilikuwa zikiishi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kandambili zilizokatika na sumu ya panya.

"Haya, tuambie basi. Nina sufuria jikoni," alisema mkewe. Alikuwa bado amesimama.

"Keti, mama watoto. Haya ni kwa faida yenu."

Aliketi kwenye ncha ya kiti. Mkabala naye alikaa mtoto wao wa kwanza, kijana waliyemwita Mhasibu kwa sababu alisoma hesabu za biashara muhula mmoja kabla pesa hazijakata. Sasa aliandika vitu vinavyoingia na kutoka kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alimpa mkandarasi mmoja mwenye maneno matamu mabati ya mkopo bila ruhusa, mkandarasi akayeyuka, na tajiri wake alimpa mpaka mwisho wa mwaka: pesa au polisi. Pembeni yake alikaa kitinda mimba, msichana. Huyu aliitwa Nesi tangu utotoni, kwa tabia yake ya kuifunga bandeji hata miguu ya meza. Alikuwa na barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi, na ada nayo ilitakiwa kabla ya mwaka kwisha. Barua hiyo aliibandika ukutani juu ya kitanda chake, na kila aliyeingia chumbani aliisoma bila kuombwa.

Mzee Pasi aliwapitisha kwenye faili kutoka chini kwenda juu. Vyeti vya kuzaliwa. Cheti cha ndoa. Hati ya mauziano ya kiwanja cha nyumba hii waliyomo. Risiti za maji. Kisha karatasi za chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali.

"Mkopo wa kuezekea bado upo," alisema. "Mwisho wa mwaka nikistaafu, wataukata kwenye hisa zangu. Kinachobaki wananipa mkononi."

"Kinabaki ngapi?" Mhasibu aliuliza.

"Cha kununua godoro. Zuri lakini."

Nesi alicheka. Mama yake hakucheka, kwa kuwa alikuwa na hesabu zake juu ya pesa hizo, na godoro halikuwemo.

"Na hii ya juu kabisa?"

Hapo Mzee Pasi alikohoa kidogo kusafisha koo, na tuseme ukweli, alijisikia. Hii ndiyo aliyoitafuta siku tatu kwenye kanuni za chama, akainakili kwa mkono wake na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mwanachama akifariki akiwa bado mtumishi, mkopo wake unafutwa. Hisa zake zinalipwa mara tatu. Na hospitali inatoa mishahara ya mwaka mzima, mkono wa pole kwa mjane na watoto. Chini alikuwa amejumlisha yote.

Mhasibu aliichukua karatasi akaisoma midomo ikicheza. Mama aliegemea begani kwake. Nesi hakuegemea popote, lakini aliacha kutabasamu.

"Mara tatu," alisema Mhasibu.

"Mara tatu. Na mkopo haupo tena."

"Akiwa bado mtumishi."

"Mpaka siku ya mwisho ya mwaka. Kesho yake, basi tena, ni godoro." Akacheka peke yake.

Tusimlaumu. Alidhani anawaonyesha jinsi alivyowajali, kwamba hata akianguka ghafla hawatahangaika kwa watu. Hakujua kwamba amewawekea mezani namba moja tu iliyolipa deni la mabati, ikalipa ada ya uuguzi mpaka mwaka wa mwisho, na kubakiza chenji ya kujengea jiko. Nyumba nzima haikuwa na namba nyingine ya aina hiyo.

"Funga hilo faili," alisema mkewe akiinuka. "Chai inapoa."

Alisema hivyo, lakini macho yake yalichelewa kuiacha ile karatasi.

*

Mhasibu ndiye aliyeomba kulitunza faili. Chini ya kitanda kuna panya, alisema, na chumbani kwake kuna rafu. Mzee Pasi alifurahi kuona kijana ameanza kujali mambo ya nyumbani. Alifurahi zaidi kijana alipoanza kumuuliza maswali, maana hakuwahi kuulizwa maswali na mwanawe tangu alipomfundisha kuendesha baiskeli.

"Baba, mtu akiwa likizo, anahesabiwa bado mtumishi?"

"Anahesabiwa. Mshahara si unaingia?"

"Na ikitokea, Mungu apishe mbali, mtu amefia nyumbani, siyo kazini?"

"Hata afie sokoni. Mradi jina liko kwenye orodha ya mishahara."

"Lazima iwe ajali?"

"Ajali ya nini? Ugonjwa, ajali, uzee, vyote sawa. Kanuni haichagui." Na akaeleza kwa kirefu, kama mama wa semina, akihesabu kwa vidole. Mkewe alikuwa anachambua mboga hapo hapo mlangoni.

Ilikuwa majira ya baridi za asubuhi. Chumba cha kufulia kilikuwa na mvuke wa kumlowesha mtu mpaka chupi, na ukitoka pale unakutana na upepo wa nje. Kila mwaka Mzee Pasi alinunua sweta la mtumba mwezi huo. Mwaka huu alipomtajia mkewe, mkewe alikunja uso.

"Sweta la nini, baba watoto? Baridi lenyewe linaisha."

"Kifua kinanibana."

"Tunakusanya ada ya mtoto. Au unataka ada iliwe na sweta?"

Mshahara ulikuwa wake, lakini tangu waoane aliukabidhi kwa mkewe bahasha nzima, na hakuwa na mazoea ya kugombania alichokwisha kutoa. Akavaa mashati mawili. Baada ya wiki yai lake la asubuhi likaondoka. Baada ya yai, ikaondoka blanketi ya pili, ikaenda kwa Mhasibu ambaye alisema chumba chake kina mwanya. Hakuna aliyemtukana wala kumpandishia sauti. Walimtazama tu, akiinuka, akiinama kufunga kiatu, akipanda ngazi mbili za mlango, kama mtu anavyobonyeza parachichi sokoni.

Alipokohoa mezani, waliacha kutafuna. Akiacha kukohoa, waliendelea.

*

Aliyemfumbua macho ni mtu wa boila. Huyu walianza kazi pamoja, mmoja akichemsha maji, mwingine akiyatumia, na walitaniana mpaka matusi yakaisha yote. Siku hiyo walikuwa wanakunja shuka, kila mmoja kashika pembe mbili.

"Kifua hicho cha mafua hicho?" aliuliza Boila.

"Mafua tu."

"Pasi, wanao umewakosea nini?"

"Kwa nini?"

Boila alikunja pembe zake, akasogea, akachukua na pembe za mwenzake. Hakumtazama. "Kijana wako alikuja ofisi ya chama jana."

"Kufuata nini?"

"Fomu."

"Ya mkopo?"

"Ya madai ya msiba. Karani akampa pole, akamuuliza, msiba lini? Akasema bado."

Mzee Pasi alisimama na mikono yake imekaa vile vile mbele yake, haina shuka. Kisha akaokota lingine, kwa sababu kikapu kilikuwa kimejaa na wodi ya wazazi walikuwa wanapiga kelele. Walikunja kikapu kile kizima bila utani hata mmoja. Mwishoni alisema kwamba labda karani hakusikia vizuri. Boila akasema labda.

*

Alirudi mapema. Nyumbani hapakuwa na mtu. Alibisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwa Mhasibu, mlango ukiwa wazi na yeye ndiye aliyeujenga, kisha akashusha faili jekundu kutoka kwenye rafu.

Kijana alikuwa amejifunza. Kila karatasi ilikuwa mahali pake, na juu kabisa, imetobolewa vizuri na kuingizwa kwenye pini, ilikuwa fomu. Jina la marehemu lilijazwa. Kazi ya marehemu, fundi wa kufua. Idadi ya wategemezi. Pengo lilikuwa moja tu, la tarehe. Chini, kwenye saini ya mjane, aliona herufi za mkewe.

Zile herufi alizijua kuliko mtu yeyote duniani. Mkewe aliolewa hajui kuandika, na mwaka wao wa kwanza yeye ndiye aliyemshika mkono kila siku ya mapumziko, pale kizingitini, mpaka akaweza kuandika jina lake lote. Herufi ya mwisho aliizungusha mkia. Alimwambia mkia hauhitajiki. Akajibu kwamba bila mkia jina linaonekana kama limekatwa. Mkia ulikuwepo.

Mzee Pasi alikaa kitandani kwa kijana. Moyo ulimuuma, ulimuuma kweli, mpaka akaweka mkono juu yake. Na katikati ya maumivu hayo, jicho lake la mtu aliyezoea kusoma namba za wodi kwenye pembe za mashuka likaona kosa. Namba yake ya kazi walikuwa wamebadilisha tarakimu mbili, ya nyuma mbele. Kwa namba ile, fomu ingerudishwa. Ingekaa mezani kwa karani miezi.

Alifikiri aichane. Alifikiri aipeleke jikoni aiweke chini ya sahani ya mkewe. Mwishowe alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Namba ya kazi mmekosea. Iliyo sahihi ni hii.* Akaiandika namba, akakibana kipande hicho juu ya fomu kwa pini, akarudisha faili kwenye rafu. Aliamini kipande kile kitawaua kwa haya. Jioni watakuja, mmoja mmoja au wote, watapiga magoti, watalia, na yeye atawasamehe. Alishaanza hata kuyapanga maneno ya kuwasamehe.

Jioni walikula. Mhasibu alikwenda chumbani, akakaa, akatoka, akaomba chumvi. Mama yake aliisukuma chumvi. Nesi aliuliza nani ataosha vyombo.

Kesho yake Mzee Pasi alishusha tena faili. Kipande chake hakikuwepo. Fomu ilikuwa mpya, safi, saini imerudiwa na mkia wake, na namba ya kazi ilikuwa imeandikwa sawasawa.

*

Mwaka ulipobakiza siku chache, homa ikamlaza. Mwenyewe alisema ni uchovu. Alitetemeka mpaka kitanda kikapiga ukuta, na alipokohoa alitoa makohozi ya rangi ya kutu. Mkewe alimletea uji, akamlisha, akamfuta mdomo kwa upole wa kweli. Tuseme na hilo, maana alikuwa mpole. Alimbadilishia shati. Alikaa pembeni yake akimpepea nzi. Kitu kimoja tu hakukifanya.

Nesi aliingia akaweka sikio mgongoni kwa baba yake. Alikuwa ameazima vitabu kwa rafiki aliyetangulia chuoni, akavisoma mpaka vikalegea. Alisikiliza upande wa kulia, akasikiliza kushoto, akarudi kulia. Mzee Pasi aliisikia pumzi ya mwanawe ikisimama.

"Ni nini, Nesi?"

"Mafua, baba."

"Mafua tu?"

"Unywe maji ya uvuguvugu." Akatoka haraka, na kwenye mlango akajigonga bega.

Ukuta kati ya chumba na sebule ulikuwa wa mbao, na mbao hizo alizipigilia Mzee Pasi mwenyewe kwa pesa za mkopo ule ule. Alisikia kila neno.

"Ni nimonia," alisema Nesi. "Upande wa kulia wote. Mama, tumpeleke."

"Tumpeleke na nini?" Huyo alikuwa Mhasibu. "Kitanda ukilazwa unachangia. Unayo?"

"Ni mfanyakazi wao. Watamkata kwenye hisa."

"Ndiyo. Watamkata kwenye hisa. Umesikia ulichosema?"

Mzee Pasi alijizuia kukohoa ili asikose jibu la binti yake.

"Mama," alisema Nesi, "sema wewe."

"Tungoje kesho," alisema mama.

"Kesho inaweza…"

"Nimesema kesho. Kesho nayo ni siku. Na ile barua yako ukutani, nani aliniambia chuo kisimpite? Si wewe? Basi nyamaza."

Nesi akanyamaza. Baba yake alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko ilivyofaa, masikio yakimvuma, na kila gari lililopita nje alidhani ni sauti ya binti ikianza tena. Haikuanza. Ndipo akakohoa kikohozi alichokuwa amekizuia, na upande wa pili mtu akavuta kiti.

Asubuhi alijikaza kisabuni. Aliweka miguu chini, akashika ukuta, akavaa shati la kazi ambalo halijanyooshwa, mara ya kwanza maishani. Vifungo vilimshinda, akaviacha. Sebuleni mkewe alikuwa anafagia. Alimwona akija, akaegemeza ufagio, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Kazini."

"Hujiwezi wewe. Rudi ulale."

"Nipishe, mama watoto."

Hakumpisha. Alisimama katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye fremu, na hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, ambaye amebeba ndoo kutoka mbali na amebakiza hatua chache. Mzee Pasi alimtazama, naye akamtazama. Hakusema kwa nini anataka kupita, naye hakusema kwa nini amesimama. Wote wawili walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Njiani mtoto wa jirani alipita akamwamkia mama shikamoo. Mama akageuka kuitikia marahaba, na mkono ukatoka kwenye fremu.

Alipita. Alikwenda akishika kuta za watu, akikaa kwenye kila kilichokalika. Alifika chumba cha kufulia akaangukia kwenye lundo la mashuka machafu ya asubuhi. Boila alimpakia kwenye toroli ya nguo akakimbia naye korido nzima, akiwatukana waliosimama njiani.

*

Alilazwa kwenye shuka ambalo yeye mwenyewe alilikunja juma lililopita. Lilikuwa na namba ya wodi kwenye pembe.

Familia ilikuja kila saa za kuwaona wagonjwa. Majirani wa kitanda walimsifia familia hiyo. Mhasibu alimfuata muuguzi wa zamu kila siku.

"Baba anaendeleaje?"

"Anapata nafuu. Dawa zimemkubali."

"Una uhakika kabisa?"

"Uwe na amani, kaka. Huyu hafi." Muuguzi alimpigapiga bega, akiona macho ya kijana yamejaa machozi. Watoto wanaowapenda wazazi wao hivyo, aliwaambia wenzake, siku hizi ni wachache.

Siku ya mwisho ya mwaka walikuja wote na wakakaa mpaka kengele. Mhasibu aliketi mguuni mwa kitanda akimwangalia baba yake anavyopumua. Nesi aliangalia dripu. Mama alikuwa na kikapu mapajani, na ndani ya kikapu, chini ya kitenge, Mzee Pasi aliona ukingo mwekundu wa faili. Alipumua. Hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Kengele ilipolia Mhasibu aliinuka akampa mkono, kama mtu anayemaliza biashara isiyokwenda vizuri.

"Basi, mzee."

"Haya, baba. Msalimie tajiri."

Hilo alilisema kwa kukusudia. Akalijutia kijana alipofika mlangoni, kwa maana aliuona mgongo wake ulivyokunjika, mgongo uleule aliowahi kuubeba ungali mdogo. Wiki ya kwanza ya mwaka mpya polisi walimchukua Mhasibu kutoka stoo, amevaa koti la kazi, kalamu sikioni.

Barua ya kustaafu ililetwa kitandani na mhudumu wa ofisi, pamoja na pongezi na blanketi ya zawadi. Chama kilikata mkopo, kisha hospitali ikakata gharama za kulazwa. Karani alimsogezea bahasha kwa kidole kimoja. Hata kwa godoro haikutosha.

Mkewe ndiye aliyekuja kumchukua. Walitembea polepole, yeye akiwa na kikapu, mume akiwa na blanketi.

"Nataka nikwambie kitu," alisema mkewe, "halafu tusirudi tena kukizungumza. Sikukuombea ufe, baba watoto. Mungu ni shahidi yangu, hata siku moja sikuomba."

"Najua."

"Hujui. Ngoja nimalize. Kupona nako sikukuombea."

Mzee Pasi alihamisha blanketi kutoka bega moja kwenda jingine. Mbele yao kulikuwa na dimbwi. Mkewe alimpa mkono kumvusha, naye akaupokea, kwa kuwa dimbwi lilikuwa pana na miguu yake ilikuwa bado haina nguvu.

*

Pengo la Mzee Pasi kwenye chumba cha kufulia lilijazwa na Nesi. Boila alimwombea. Chuo kilishampa mtu mwingine nafasi yake, na barua ilitoka ukutani ikaacha alama nne za gundi. Alianza kama kibarua, akavumilia, mwaka uliofuata akaandikishwa mfanyakazi. Pale kazini waliendelea kumwita Nesi, na wagonjwa waliosikia walimwomba dawa.

Baba yake alikuwa anakaa siku nzima kwenye kiti karibu na dirisha. Alipewa chakula. Hakunyimwa kitu tena, wala hakuulizwa kitu. Mama alikwenda gerezani kila mwezi na sabuni na sukari, akirudi anakaa jikoni mpaka giza.

Alasiri moja Nesi alirudi, vidole vimenyauka kwa maji ya moto, akaketi mezani na karatasi mpya mbele yake. Mama yake alikuwa anakata vitunguu.

"Baba, wewe si unajua mambo haya? Nimejiunga na chama. Nisaidie kujaza."

Mzee Pasi alisogeza kiti. Alifurahi kuitwa. Walijaza jina, wakajaza namba ya kazi, akamsomea tarakimu mojamoja wasikosee. Wakafika pale panapouliza mrithi.

"Hapa niandike nani?"

"Andika hakuna."

"Haikubali hakuna, baba. Nilimuuliza karani. Lazima mtu."

"Mwandike mama yako."

Kisu cha vitunguu kilisimama. "Mimi msiniandike," alisema mama bila kugeuka. "Nimeshasaini karatasi za kunitosha."

Nesi aliishika kalamu juu ya mstari kwa muda. Kisha, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyewahi kusoma vitabu vya kuazima, akaandika jina la baba yake. Akaongeza, kwenye uhusiano, *baba mzazi*. Akapuliza wino.

"Kanuni ni zile zile?" aliuliza.

"Ni zile zile."

"Mara tatu?"

Mzee Pasi alimtazama mikono iliyonyauka, kikohozi kidogo alichoanza nacho wiki hiyo, sweta ambalo hakuwa nalo. Alitaka kumwambia mwanawe avae vizuri, anywe maji ya moto, akimbie chumba kile kabla hakijamla. Alikuwa amefungua mdomo ili aseme. Lakini kichwa chake, kilichokaa na karatasi ile muda mrefu, kilikuwa kimetangulia: hisa za mwaka wa kwanza mara tatu, na mishahara kumi na miwili ya mtu anayeanza kazi. Alikuwa amekwisha kujumlisha kabla hajajizuia.

"Niiweke wapi?" Nesi aliuliza akifungua faili jekundu. "Juu?"

"Juu," alisema baba yake.